Kimya Kuanzia Saa Nne Usiku

Haya niliambiwa na mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pili, Jumamosi ya juzi asubuhi, akiwa amelala chali chini ya sinki langu na kichwa kimeingia kabatini. Yeye ni fundi bomba. Ukitaka mkwe wangu aseme mengi, mpe bomba linalovuja, maana asipokuona uso haoni haya. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikamshikia tochi. Pale alipotia chumvi nimeipunguza.

Binti yangu ni mkunga wa zamu ya usiku, mwaka wa kumi na moja huu. Analala mchana. Sote tumeshazoea. Saa moja jioni ndiyo asubuhi yake: mumewe anamkaangia mayai, wanakunywa chai, wanacheka, redio inaimba, kisha anakwenda wodini. Mkwe wangu naye kazi yake ni ya kuitwa, basi anafuata saa za mkewe. Popo wawili, nawaambia.

Sasa, wiki tatu kabla ya haya, binti yangu aliacha kulala. Haumwi, hana homa, hana deni la mtu. Anajilaza saa mbili asubuhi, ukienda saa nane unamkuta macho kodo anatazama dari. Tulimpa maziwa ya moto, tukamnunulia pazia jeusi. Mimi nilimpelekea pamba za kuziba masikio na wajukuu nikawahamishia kwangu ili nyumba itulie. Wapi. Mwisho akasinzia wodini, kasimama, mkono uko kwenye mizani na mtoto wa watu kalazwa pale juu. Mwenzake akamdaka kiwiko.

Matroni hakufoka. Matroni asiyefoka ndiye wa kuogopa. Alimwambia, "Dada, nakupa siku nne. Nenda popote, ukalale. Jumatatu ukirudi na macho haya, nakutoa wodi ya wazazi nakupeleka ghalani ukakunje mashuka. Sitaki kusubiri siku utakayomwangusha mtoto."

Binti yangu akunje mashuka. Yule ambaye tangu ana miaka sita anazalisha midoli yake na kuifunga vitovu kwa uzi wangu wa kushonea.

Mkwe wangu akawaza na kuwazua, akakodi kiwanja kwenye kambi ya mahema, mbali na barabara, miti mingi, hakuna baa, hakuna gereji. Siku nne, Alhamisi hadi Jumapili. Akachagua kiwanja cha tisa, cha mwisho kabisa, kando ya ukuta. Langoni kuna ubao mkubwa wa rangi ya kijani: KIMYA KUANZIA SAA NNE USIKU HADI SAA KUMI NA MBILI ASUBUHI. Akaupenda ule ubao. Alimwonyesha mkewe kwa kidole kama mtu anayeonyesha nyumba aliyojenga.

Alhamisi walikuwa peke yao upande ule. Kimya mpaka unasikia jani likianguka. Binti yangu alijilaza saa tatu asubuhi, akaamka saa kumi hajalala.

"Godoro la upepo," mkwe wangu akasema. "Hujalizoea."

"Labda," akasema mkewe.

Ijumaa saa mbili asubuhi, ndiyo kwanza binti yangu kajifunika shuka, gari likaingia kiwanja cha nane. Hema kwa hema, katikati pana bomba moja la maji la kuchangia. Akashuka mzee mmoja mnene mwenye mikono mikubwa, mwoka mikate, na binti yake aliyekuwa na kichanga mgongoni, mtoto wa miezi miwili. Wakaanza. Mlango wa gari, paa. Buti, paa. Nyundo kwenye vigingi. Pampu ya miguu ya kujazia magodoro, ile inayolia kama punda mwenye mafua. Halafu redio, mtu anasoma bei za mazao kwa sauti ya kugombana.

Mkwe wangu akavumilia robo saa. Akaenda.

"Habari za asubuhi, mzee."

"Njema kabisa, jirani, karibu. Tumewasumbua?"

"Hapana, hapana, si kusumbua." Hapo mwenyewe alijilaani akiwa chini ya sinki: kaenda kulalamika, la kwanza kasema hapana. "Ila mke wangu amelala."

"Saa hizi? Anaumwa?"

"Ndiyo usiku wake."

Mzee akatazama jua, akamtazama yeye. "Sawa," akasema, kama anavyokubaliwa mlevi. Akapunguza redio. Mkwe wangu akashukuru, akarudi, akaketi kwenye ndoo aliyoifudikiza mlangoni mwa hema lake.

Dakika kumi. Gari likawashwa. Yule binti akaingia na mtoto wake, vioo vikapandishwa, likaondoka polepole, likazunguka kambi nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia, likarudi. Paa, mlango. Redio juu tena. Nusu saa, gari likawashwa. Zunguka, rudi, paa. Siku nzima. Mkwe wangu anasema alihesabu safari kumi na moja, na mtu mzima mwenye akili hawezi kusahau vitu mara kumi na moja. Mtoto mwenyewe hata sauti yake hakuisikia. "Nikasema moyoni, mama, huyu kichanga ndiye mtu mwema peke yake kiwanja kile."

Mchana alikwenda kwa msimamizi wa kambi, bwana mmoja mwembamba mwenye filimbi shingoni.

"Saa ngapi sasa?" akaulizwa.

"Saa saba."

"Mchana?"

"Mchana."

Msimamizi akaelekeza filimbi kwenye ubao. "Saa nne usiku, fundi. Kabla ya hapo hata akipiga ngoma, ngoma yake."

"Kwani ubao haujui kuna watu wanafanya kazi usiku?"

"Ubao haujui lolote. Umepakwa rangi tu."

Akarudi amefura. Binti yangu akatoka hemani saa kumi na mbili jioni, macho mekundu kama kakatiwa vitunguu, akasema hajambo. Huyo naye ni "hajambo" tangu utoto, hata akivunjika mguu.

Basi ikawa asubuhi yao. Chai ikachemka, mayai yakakaangwa, wakazungumza kama kawaida yao, yaani kwa sauti ya watu wanaojua dunia nzima iko macho. Mkwe wangu akataka kumfurahisha mkewe, akaanza kusimulia lile bomba lililompasukia usoni kwa mwalimu mkuu, kisa ambacho hakisimuliwi ila kwa kupiga masufuria. Halafu akaona ubaya ulipwe kwa wema. Lile bomba la kuchangia, ukilifungua linanguruma kama ng'ombe anayezaa. Akasema, nitalitengeneza, jirani aone watu wastaarabu wakoje. Akatoa spana. Koki ilikuwa imeshika kutu, haitoki mpaka uigonge. Akaigonga. Ilikuwa saa moja na nusu jioni.

Zipu ya hema la nane ikafunguka kwa hasira, kama zipu inaweza. Mzee akatoka na nguo za kulalia, taulo kalifunga kichwani limeziba masikio.

"Kijana. Hivi nyie mnalala saa ngapi?"

"Sisi ndiyo tumeamka, mzee."

"Mmeamka." Mzee alilitafuna lile neno. "Mwaka wa thelathini na mbili huu naamka saa tisa usiku kukanda unga. Nikishapitwa na usingizi wa saa moja jioni, basi, siupati tena, nageuka kama chapati mpaka kunakucha. Nimesikia mayai yenu. Nimesikia habari za mwalimu mkuu mpaka mwisho. Sasa unanipigia chuma."

"Lakini mzee, saa nne bado. Ubao unasema..."

"Usinitajie ubao."

Nilimwambia mkwe wangu atoe kichwa nimtazame. "Kwa hiyo wewe mchana kutwa unamlaumu mzee wa watu kwa kelele, jioni unamgongea koki masikioni?"

"Mama, sikujua kama mtu mzima analala na kuku."

"Na yeye hakujua kama mtu mzima analala na jua. Rudi ndani, linadondoka."

Jumamosi asubuhi wote wawili walikwenda kushitaki, wakakutana mlangoni kwa msimamizi, kila mmoja akamwambia mwenzake tangulia wewe. Msimamizi alikuwa anakunywa uji. Akawakalisha benchi moja.

"Mimi hapa nina viwanja tisa," akasema, "na viwanja saba hawajui hata jina langu. Nyie wawili mtanila. Semeni mnataka nini."

Wakasema. Wakapatana, na kwa adabu kubwa, maana walishaoneana aibu. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi, mzee hana redio, hana pampu, na gari litakaa langoni, mwisho kabisa wa kambi. Kuanzia saa moja jioni, kwa fundi hakuna kukaanga, hakuna spana, na visa vyote vinasimuliwa kwa kunong'ona. Wakapeana mikono. Yule binti wa mzee alikuwa amesimama pembeni, mtoto mgongoni.

"Na huyu, baba?" akauliza.

"Huyu tutamshughulikia," mzee akasema upesi, akatazama chini.

Mkwe wangu hakulijali. Alirudi anatembea kama mtu aliyeshinda kesi. Binti yangu akajilaza saa mbili na nusu, na mumewe akaanza zamu ya ulinzi. Anasema hajawahi kufanya kazi ngumu vile. Mtu wa kiwanja cha saba alikuwa anakata karoti kwenye ubao. Akaombwa akatie gazetini. Mama mmoja alikuwa anapiga chafya. Akaambiwa pole sana, mama, unaweza kwenda kupigia kule mtoni? Wapenzi wawili walicheka, akawatazama mpaka wakaacha kupendana. Mzee wa mikate alitembea bila viatu, akamwonyesha kidole gumba kwa mbali. Saa nne asubuhi kambi yote ikanyamaza. Hata ndege, anasema, ila hiyo ndiyo chumvi yake.

Akafungua zipu taratibu, jino baada ya jino, achungulie.

Binti yangu alikuwa ameketi wima, jasho linamtoka.

"Kumetokea nini?" akauliza.

"Hakuna. Lala."

"Watu wako wapi?"

"Wapo. Nimewanyamazisha."

"Umewanyamazisha." Akajifuta uso kwa shuka. "Wote?"

"Wote. Nimebembeleza mpaka watu wa chafya. Sasa lala, mke wangu, tafadhali, leo Jumamosi, imebaki kesho tu. Unataka nini tena? Nikazime upepo?"

Hapo alikuwa amepandisha hasira, anakiri mwenyewe. Siku tatu yeye mwenyewe hajalala, kagombana na kila mwenye mdomo, na mtu anayegombaniwa kakaa anamtazama.

Binti yangu akasema, "Wewe hukuniuliza."

"Nikuulize nini? Asiyelala anataka kimya. Hilo nalo la kuuliza?"

"Mimi kimya ndicho kinachoniamsha."

Ndipo akamwambia, naye ndiyo kwanza anasikia, na mimi mama mzazi nimekuja kusikia kutoka chini ya sinki. Wiki tatu nyuma alizalisha mtoto wa kiume, kilo tatu na ushee, kila kitu salama, na mtoto akatoka hakulia. Akamsugua mgongo, kimya. Akamfuta kinywa, kimya. Akampulizia pumzi kwa ule mfuko wao. Dakika nne, wodi nzima imesimama, mama wa mtoto anauliza mbona kimya, mbona kimya, na hakuna wa kumjibu. Dakika ya tano mtoto akalia. Akanyonya, akaenda kwao, mzima. Ila yeye binti yangu tangu siku hiyo kila kunapotulia anashtuka, mwili unainuka wenyewe, mikono inatafuta mtoto. Kelele humsumbua tu. Kimya humtisha.

Na sisi tulimnunulia pazia. Mimi nilimpa pamba. Nimelea watoto sita, nikaona jicho halifumbi, nikafikiri tatizo ni sikio. Basi, yamepita.

Mkwe wangu akakaa pale mlangoni na zipu mkononi, hajui aifunge au aifungue. Kwa hasira aliyokuwa nayo hakujua hata amkasirikie nani, maana aliyewanyamazisha watu ni yeye.

Halafu mkewe akainua kichwa. "Kuna mtoto," akasema.

"Hakuna mtoto. Ni wa jirani, halii yule."

"Analia. Kafungiwa."

Akatoka peku, kanga imefungwa ovyo, akapita viwanja vyote mpaka langoni, mumewe nyuma na viatu vyake mkononi. Gari la mzee lilikuwa kivulini, vioo vimepandishwa. Ndani yule binti kakaa kiti cha nyuma, nywele zimemtimka, anamtikisa mtoto, na mtoto analia kwa mdomo wote, uso mwekundu, lakini nje unasikia kama nyuki ndani ya chupa.

Binti yangu akafungua mlango. Kelele ikatoka kama maji yaliyozuiwa.

"Samahani, dada," yule mzazi akaanza kulia na yeye. "Samahani sana, nilidhani huku hatasikika. Ni tumbo, linamsokota mchana kutwa. Nyumbani jirani wa juu anatugongea dari kwa ufagio, wa chini ametuletea barua. Baba akasema twende porini angalau watu wapumzike. Ndiyo maana ya redio. Ndiyo maana ya gari. Tulikuwa tunamzungusha asiwasumbue."

"Mara kumi na moja," akasema mkwe wangu. Mkewe akamkata jicho.

Binti yangu akampokea mtoto. Akamlaza kifudifudi juu ya mkono, kichwa kiganjani, akamshika tumbo kwa kile kiganja kingine, vile wanavyojua wao. Mtoto akavuta pumzi, akalia zaidi.

"Huyu mzima," binti yangu akasema. "Sikia kifua hicho. Lia, baba, lia, mwambie."

Akarudi naye mpaka kiwanja cha tisa, anatembea polepole, na mkwe wangu anasema mabega ya mkewe yalikuwa yanashuka kila hatua, kama mtu anayetua ndoo kichwani. Akamwonyesha yule mzazi namna ya kumshika, akamketisha kwenye ile ndoo iliyofudikizwa, ubavuni mwa hema, kitambaa tu katikati.

"Kaa naye hapa. Akitaka kulia, alie. Usimzungushe, usimfunike. Hapa hapa, nimsikie."

"Dada, wewe si unataka kulala?"

"Ndiyo."

Akaingia. Mtoto akalia. Mkwe wangu akahesabu moyoni, anasema hakufika arobaini, mkewe akaanza kukoroma.

Sasa sikiliza balaa la mkwe wangu. Mtu wa karoti akaja, kisu mkononi, akasema, "Bwana, asubuhi mimi nimekatia karoti gazetini kwa ajili yako. Hii nini?" Mama wa chafya akarudi kutoka mtoni, akauliza kama sasa anaruhusiwa. Mzee wa mikate akaja mbio bila viatu, "Mtoe hapo, mtoe, fundi ataniua," na fundi ndiye aliyemzuia kwa mikono miwili. Kila mmoja alielezwa, kwa kupaza sauti maana mtoto alikuwa hanyamazi, kwamba siku hizi mke wake analala kwa kelele za kichanga, na kila mmoja alimtazama kama mzee alivyolitazama jua. Mwisho akaja msimamizi na filimbi yake.

"Fundi. Leo tena umekuja na lipi? Unalalamikia huyu mtoto?"

"Leo silalamiki. Leo naomba asinyamazishwe."

Msimamizi akamtazama mtoto. "Ubao wangu hauna hilo," akasema, akaenda zake.

Saa tisa alasiri mtoto alichoka. Kwikwi, kwikwi, kisha kimya. Mkwe wangu akasimama na spana mkononi, nayo ya nini hajui. Alikuwa tayari kumfinya mtoto wa watu. Mzee naye akaja akasimama karibu naye, wote wawili wametega sikio kwenye kitambaa cha hema. Ndani, binti yangu akajigeuza, akameza mate, akasema kitu kisichoeleweka, akaendelea kukoroma.

"Mkeo anakoroma vizuri," mzee akanong'ona.

"Asante, mzee."

Jumatatu matroni alimfunua kope kwa kidole gumba, akamrudishia aproni yake. Hilo nimelisikia kwa binti yangu mwenyewe, siyo chini ya sinki. Nimemrudishia na watoto wake, na nimewaambia wasinyate.

Lakini Jumamosi ile. Yule mzazi akalala ameketi, na kichanga kifuani, mzee akawafunika wote wawili kwa shuka lake. Saa moja jioni mzee akaingia kiwanja cha nane, na safari hii hakuna aliyekaanga kitu. Mayai yalibaki kwenye trei. Msimamizi akapita mara moja, akatazama, akakisitiri kile kifilimbi ndani ya shati asije akakipuliza kwa bahati mbaya, akaenda kufunga mlango wa kibanda chake. Mkwe wangu akabaki peke yake macho, kaegemea ukuta, miguu kainyoosha, anasubiri kama kutatokea mtu wa kugombana naye. Hakutokea. Lile bomba ambalo hakulimaliza likawa linadondosha tone moja moja. Akajiambia atainuka alikaze. Kichwa kikamwangukia kifuani, spana ikamteleza kutoka mapajani ikaanguka majanini, na saa nne ilikuwa bado.